DUKA KUBWA "A L'INNOVATION" LA BRUXELLES: NYUMBA YA VIOO NA FUNDISHO LAKE



Mara mingi katika gazeti letu hili tunaandika juu ya mupira, juu ya koro, juu ya shamba la shule na matokeo ya mitihani. Mara hii sisi makapita tumechagua kitu kingine: historia ya nyumba moja. Nyumba hiyo haiko kwetu, ilikuwa Bruxelles, mji mkubwa wa Ubelgiji. Wengine watasema: "Nyumba ya Ulaya inatuhusu nini, sisi wenye kuhangaika na mabati yenye kutoboka?" Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwa maana habari hii inaanza na uzuri wa vioo, lakini inamalizikia kwa mlango wa nyumba yetu ya kulala.

1. DUKA KUBWA NI KITU GANI?

Mnajua soko letu. Mama mmoja anauza ndakala, wa pili anauza sabuni, wa tatu anauza vitenge. Bei haikuandikwa pahali popote. Unauliza, unapunguza, anakataa, unajifanya kama unaenda zako, anakuita. Basi Ulaya ya zamani pia ilikuwa vile. Duka moja lilikuwa la kofia tu, lingine la vitambaa tu. Duka lilikuwa chumba kidogo, chenye giza, na mtu mwenye kuingia ndani alifikiriwa kama amekuja kununua. Kuingia, kutazama na kutoka mikono mitupu ilikuwa ni haya.

Katika mwaka wa 1852, pale Paris, mtu mmoja jina lake Aristide Boucicaut aliingia katika ushirika wa duka lililoitwa Au Bon Marché. Yeye na mke wake Marguerite walibadilisha desturi ya biashara. Bei iliandikwa juu ya kila kitu, na mtajiri na maskini walilipa bei moja. Kila mtu aliweza kuingia na kutembea bila kulazimishwa kununua. Mtu akiona nguo haimufai, aliweza kuirudisha. Tena waliuza vitu vya namna mingi chini ya paa moja, kwa faida kidogo juu ya kila kitu.

Wanafunzi wa biashara watafahamu hesabu yake upesi. Ukiuza vitu 10 kwa faida ya franka 50 juu ya kila kimoja, unapata 500. Ukiuza vitu 100 kwa faida ya franka 10 tu, unapata 1.000. Lakini kwa kuuza vitu 100 pahali pa 10, sherti uwe na watu wengi ndani ya nyumba. Na watu wengi wanataka nafasi, wanataka mwangaza, wanataka ngazi pana za kupanda na kushuka. Hapa ndipo biashara ilianza kuwasumbua wajengaji: ile nyumba ya zamani haikufaa tena.

2. CHUMA NA KIOO

Kwa nini haikufaa? Tazameni kanisa letu la matofali. Ukuta ndio wenye kubeba paa. Kama unatoboa dirisha kubwa sana, unauzaifisha ukuta. Na kama unataka etaji nne au tano, ukuta wa chini unapaswa kuwa mnene sana juu ya kubeba uzito wote, na madirisha yanabaki madogo. Ndani yake ni giza, na mtu hawezi kununua kitambaa gizani. Atafikiri amenunua cheusi, kumbe ni buluu.

Chuma kilileta jibu. Nguzo nyembamba ya chuma inabeba uzito ambao kwanza ulitaka ukuta mzima. Nguzo zikibeba nyumba, ukuta hauna tena kazi ya kubeba. Unaweza kuuondoa na kuweka kioo pahali pake. Watu waliona jambo hili wazi pale London katika mwaka wa 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya mataifa, katika jumba lililojengwa kwa chuma na kioo. Halafu, tangu 1869, Bon Marché ya Paris ilianza kujengewa nyumba mpya. Mmoja wa maarkitekti wake aliitwa Louis-Charles Boileau, na katika kazi ya chuma alisaidiwa na injinia Gustave Eiffel, yule yule ambaye mnara wake wa Paris ulimalizika mwaka wa 1889.

Namna ya maduka haya ilikuwa karibu moja kila pahali. Katikati ya nyumba waliacha shimo kubwa, ni kusema ukumbi wenye kupanda toka chini mpaka juu bila dari. Juu kabisa waliweka paa la vioo. Kila etaji ilikuwa kama baraza lenye kuzunguka ule ukumbi. Mwangaza wa jua uliingia juu na kushuka mpaka chini. Na mtu mwenye kusimama chini aliona etaji zote na vitu vyote vyenye kutundikwa, akatamani kupanda. Tushike neno hili, ule ukumbi wenye kuwa wazi katikati, kwa maana tutarudi kwake.

3. VICTOR HORTA, MTOTO WA FUNDI VIATU

Ubelgiji wa wakati ule ulikuwa inchi ya makaa ya mawe, ya chuma na ya viwanda vya vioo. Haishangazi kama arkitekti mmoja wa kule alipita wenzake wengi katika kazi ya chuma na kioo. Jina lake Victor Horta. Alizaliwa Gand tarehe 6 Januari 1861. Baba yake alikuwa fundi wa kushona viatu. Horta alifanya kazi kwa mwalimu wake Alphonse Balat, arkitekti wa mfalme Leopold II, ambaye alijenga zile nyumba kubwa za vioo za Laeken zenye kutunzwa mimea ya inchi za joto. Pale kijana alijifunza namna chuma kinaweza kupindwa na kuwa chepesi machoni.

Katika mwaka wa 1893 alianza kumujengea mwalimu mmoja wa chuo kikubwa, Emile Tassel, nyumba ambayo watu wote walikwenda kuitazama. Chuma hakikufichwa tena. Kilionyeshwa, tena kilipindishwa kama kamba za porini, kama shina la boga lenye kutafuta pa kupandia. Namna hii ya kujenga iliitwa kwa Kifaransa Art nouveau, ni kusema ufundi mpya. Leo nyumba nne za Horta pale Bruxelles zinahesabiwa na UNESCO, tangu mwaka wa 2000, kati ya mali ya watu wote wa dunia.

4. NYUMBA YENYEWE

Duka la A l'Innovation lilikuwa mali ya jamaa za Bernheim na Meyer. Lilifunguliwa katika njia ya Rue Neuve mwaka wa 1897. Rue Neuve ilikuwa na ingali njia ya maduka, nyembamba, yenye kujaa watu. Biashara ilipoendelea, wenye duka walimwita Horta, na nyumba mpya ilikuwa tayari mwaka wa 1901.

Kiwanja hakikuwa kipana mbele. Kilibanwa kati ya nyumba zingine, kama vile viwanja vya katikati ya mji. Namna gani basi kuingiza mwangaza? Horta aliufanya uso wa nyumba karibu wote kuwa chuma na kioo pamoja na mawe, ukiwa na dirisha moja kubwa ajabu lenye kupanda etaji nyingi. Mtu mwenye kupita njiani hakuona ukuta wenye madirisha. Aliona nyumba nzima kuwa dirisha, na ndani yake bizaa. Nyumba yenyewe ilikuwa tangazo la biashara. Nyuma ya ule uso kulikuwa ule ukumbi tuliousema, ukizungukwa na mabaraza ya etaji, na paa la vioo juu yake.

Kwa miaka 66 watu wa Bruxelles waliipenda nyumba ile. Lakini duka halikubaki vile Horta aliliacha. Liliendelea kukua. Wenye duka walichukua nyumba za jirani, moja kisha nyingine, wakatoboa kuta na kuziunganisha, mpaka duka likajaza sehemu kubwa ya kipande kile cha mji. Dari za uongo ziliwekwa chini ya dari za kweli, na katikati yao pakabaki nafasi tupu. Bizaa zikaongezeka: nguo, vitanda, rangi, vitu vya karatasi, mpaka mikebe ya gazi ya wenye kwenda kupiga kambi. Nyumba iliyofanywa kwa wazo moja ikawa nyumba ya viraka.

5. NENO DOGO JUU YA CONGO

Hatuwezi kuandika juu ya Bruxelles ya miaka ile na kunyamaza juu ya inchi yetu. Duka la Innovation lilifunguliwa 1897. Mwaka ule ule, pale Tervuren karibu na Bruxelles, mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya Congo, iliyokuwa mali yake mwenyewe tangu 1885. Mafundi wa ufundi mpya, kama Paul Hankar na Henry van de Velde, walipamba vyumba vya maonyesho kwa mbao za misitu yetu. Na Wakongomani 267 walisafirishwa mpaka kule ili watu wa Ulaya wawatazame. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako Tervuren mpaka leo.

Horta mwenyewe alimujengea nyumba Edmond van Eetvelde, mtu mkubwa katika utawala wa Leopold juu ya Congo, na katika nyumba hiyo pia mbao za Congo zilitumika. Ni moja ya zile nyumba nne za UNESCO. Hatusemi haya ili kuharibu uzuri wa kazi ya Horta. Tunasema tu kama mti hauangukii peke yake katika sebule ya tajiri. Kuna mtu aliyeukata na mtu aliyeubeba. Anayesoma historia ya jengo azoee kuuliza: vitu vilitoka wapi, na nani alilipa kweli?

6. TAREHE 22 MEI 1967

Sasa tunafika kwa habari ya uchungu. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, kisha saa saba ya muchana. Watu wa kazi za ofisi walikuwa na saa yao ya kula, na wengi walikuwa wamepanda kwa mkahawa wa duka, katika etaji za juu. Wamama walikuwa wakinunua na watoto wao. Duka lilikuwa limepambwa juu ya kuuza bizaa za Marekani.

Moto ulionekana katika etaji ya kwanza, upande wa nguo za watoto. Watumishi wa duka walijaribu kuuzima wao wenyewe. Kengele ililia, lakini waliopona walieleza baadaye kama wengine hawakuelewa, walifikiri ni kengele ya kawaida ya kazi. Katika dakika chache moshi mweusi ulipanda katika ule ukumbi. Wenye kuwa juu waliona moshi kabla hawajaona moto. Umeme ulikatika. Watu walitafuta ngazi katika giza. Wengine walikimbia kwa madirisha na kuruka chini. Wengine walipanda juu ya mapaa. Wazima-moto walikuja, lakini njia zilikuwa nyembamba na magari ya watu yalisimama pembeni, hivi ngazi ndefu hazikufika upesi pahali zilipotakiwa. Mikebe ya gazi ilipasuka. Chuma kilianza kulegea, na nyumba ikaanguka ndani yake yenyewe.

Watu 251 walikufa. Tunaliandika hesabu hili pekee ili msomaji asilipite mbio. Chukueni shule yetu, hesabuni darasa moja, la pili, la tano, la sita, mpaka mfikie 251.

Chanzo cha moto hakikuhakikishwa kamwe. Wengine walisema umeme, wengine walisema watu wabaya wenye kupinga vita ya Vietnam, kwa sababu ya zile bizaa za Marekani. Hakuna aliyeleta ushuhuda wa kutosha. Lakini kama chanzo cha moto hakikujulikana, sababu ya vifo vingi inajulikana vizuri. Tuitazame kwa akili ya darasani.

7. KWA NINI MOTO ULISHINDA?

Jambo la kwanza: ule ukumbi wa wazi. Katika somo la fizika tumejifunza kama hewa ya moto inakuwa nyepesi na inapanda. Wamama wetu wanajua jambo hili bila kitabu: moshi wa mafiga unatafuta tundu la paa. Ule ukumbi, wenye kufunguka toka chini mpaka juu, ulikuwa kama bomba la moshi. Moshi na joto vilipanda kwa nguvu na kuingia katika kila etaji, na nyuma yao hewa mpya iliingia chini kulisha moto. Njia ile ile Horta aliyofungulia mwangaza ushuke, moto uliipata ya kupandia.

Jambo la pili: chuma. Wengi wanafikiri chuma hakiogopi moto. Ni kweli hakiungui kama mbao, na hakiyeyuki mpaka karibu digrii 1.500. Lakini hakingoji kuyeyuka ndipo kishindwe. Kwa digrii 550 hivi, chuma cha kujengea kinapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Fundi chuma wa soko anatumia jambo hili kila siku: anapasha chuma mpaka kiwe chekundu, halafu anakipinda anavyotaka. Tena chuma kinarefuka. Chukueni mti wa chuma wa metre 10, upasheni joto kwa digrii 500. Kwa hesabu ya kitabu chetu, 10 x 0,000012 x 500 inatoa 0,06, ni kusema santimetri 6. Santimetri 6 zinatosha kusukuma ukuta na kutoa mti pahali pake. Juu ya sababu hii leo chuma cha nyumba kubwa kinavikwa betoni au kitu kingine cha kukikinga. Chuma cha Horta kilikuwa wazi kwa ajili ya uzuri.

Jambo la tatu: dari za uongo na mbao. Moto ulipata nafasi ya kutembea juu ya vichwa vya watu bila kuonekana.

Jambo la nne: maji hayakuwa juu ya dari. Tangu 1874 Henry Parmelee wa Marekani alikuwa amepata hati ya kifaa chenye kumwaga maji chenyewe kukiwa na moto, na kisha miaka michache Frederick Grinnell alikifanya kuwa bora. Ni bomba la maji lenye kupita juu, na vichwa vidogo vyenye kuzibwa. Joto likifika karibu digrii 70, kizibo kinapasuka au kinayeyuka, na maji yanamwagika pale pale penye moto. Innovation haikuwa nacho. Kifaa kilijulikana tangu zamani, lakini kujua na kufanya ni vitu viwili.

Jambo la tano, na sisi tunalihesabu kuwa kubwa: watu hawakuzoezwa. Kengele isiyoeleweka ni sawa na kengele isiyolia.

8. KISHA MOTO

Ubelgiji ulishtuka. Sheria juu ya kuzuia moto zilikazwa, na tarehe 30 Julai 1979 sheria moja ilitoka juu ya kuzuia moto na kuwalazimisha wenye pahali panapokusanya watu kuwa na asiransi ya kulipa wenye kuumizwa. Pale penye duka la Horta palijengwa nyumba zingine, na katika mwaka wa 1978 soko la kisasa lenye kuitwa City 2 lilifunguliwa katika Rue Neuve. Jina la Innovation lilifupishwa likawa Inno.

Kazi ingine kubwa ya Horta pia ilipotea. Nyumba kubwa aliyowajengea wafanyakazi, Maison du Peuple ya 1899, ilikuwa imekwisha kubomolewa mwaka wa 1965, miaka miwili mbele ya ule moto. Horta mwenyewe alikufa 1947, hakuona hata moja ya mambo haya mawili.

Lakini duka lake moja lilipona. Katika 1906 alimaliza Rue des Sables, pale pale Bruxelles, duka la vitambaa la Charles Waucquez. Nalo lina ukumbi, ngazi pana na paa la vioo, tena sakafu yenye vipande vya kioo ili mwangaza ushuke mpaka chini ya nyumba. Duka lilifungwa 1970, na nyumba ikaanza kuoza. Mvua iliingia, wezi walitoa vitu. Jean Delhaye, aliyekuwa mwanafunzi wa Horta, alipigania nyumba ile, na mwaka wa 1975 serikali iliiandika kati ya nyumba zisizoruhusiwa kubomolewa. Ilitengenezwa, na katika 1989 ilifunguliwa kuwa nyumba ya kuonyesha hadisi za picha, zile tunazoita bande dessinée. Ukitaka kujua namna Innovation ilikuwa ndani, unaenda kutazama Waucquez. Hivi nyumba mbili za fundi mmoja zilipata mwisho mbalimbali. Moja iliongezwa viraka bila kufikiri usalama, ikaangamia na watu. Ya pili iliachwa, ikakumbukwa, ikatunzwa.

9. NA SISI JE?

Sasa tunafika kwa mlango wetu. Shule yetu haina paa la vioo wala ngazi za chuma. Lakini tuna nyumba ya kulala yenye watu wengi kuliko vitanda vilivyohesabiwa zamani. Tuna madirisha yenye vyuma juu ya wezi. Tuna vyandarua, tuna magodoro ya musi yenye kuwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Tuna mishumaa wakati umeme unakatika, tena tuna waya za kuchaji simu zenye kufungwa kwa kipande cha mpira. Na saa tatu ya usiku mlango unafungwa kwa kufuli toka inje.

Tunaelewa sababu ya kufuli. Wakubwa wetu wanafunga ili wezi wasiingie, na ili wengine wetu wasitoke kwenda mujini. Sababu hizi ni za kweli, hatuzizarau. Hata pale Bruxelles kila kitu kilikuwa na sababu yake: ukumbi ulikuwa juu ya mwangaza, dari ya uongo juu ya uzuri, bizaa nyingi juu ya faida. Hakuna aliyejenga ili watu wafe. Jambo lilikosekana ni mtu wa kuuliza: "Na kama moto ukiwaka, watapita wapi?"

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo juu ya paa lake, ili mtu asianguke toka pale na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Tuangalie vizuri: sheria ile haingoji mtu aanguke. Inamuhesabia mwenye nyumba tangu siku ya kujenga. Kwa hiyo kutunza usalama wa wengine si kuogopa wala si kukosa imani. Ni sehemu ya kutii.

Kwa heshima yote, sisi makapita tunaleta mbele ya wakubwa wetu na mbele ya wenzetu maombi haya:

Kwanza, ufunguo. Kufuli litiwe upande wa ndani, na ufunguo wake utundikwe karibu na mlango, ndani ya kisanduku kidogo chenye kioo. Mwenye kuvunja kioo bila moto ataonekana asubui, na ataazibiwa. Hivi mlango unabaki umefungwa kwa mwizi na kwa mtoro, lakini haukufungwa kwa mauti. Kama shauri hili halifai, kapita wa kila chumba apewe ufunguo wa pili, naye alale kitanda cha karibu na mlango.

Pili, dirisha moja katika kila chumba liwe na vyuma vyenye kufunguka kutoka ndani, kama mlango mdogo.

Tatu, mshumaa usiingie chini ya chandarua, hata dakika moja, hata usiku wa mbele ya mtihani. Mwenye kusoma akae kwa meza. Hapa tunasema na wenzetu, si na wakubwa.

Ine, ndoo za mchanga ziwekwe kwa mlango, na zisigeuzwe kuwa vyombo vya kufulia. Mchanga unafaa kwa petroli na kwa waya za umeme, pahali maji yanaleta hatari.

Tano, zoezi. Mara moja kila robo ya mwaka kengele ilie kwa namna yake ya pekee, si ile ya masomo wala ya chakula, na wote watoke mpaka kiwanja cha mupira. Kila kapita ahesabu watu wake kwa liste. Dakika zihesabiwe na kuandikwa katika gazeti hili, tuone kama tunaendelea.

Na tangu leo kila mtu ashike haya machache. Ukiona moshi, inama na utambae, maana hewa nzuri inabaki chini. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono mbele ya kuufungua: kama ni moto, usiufungue, tafuta njia ingine. Ukitoka, vuta mlango nyuma yako ili moto usipate hewa. Usirudi juu ya sanduku, wala juu ya simu, wala juu ya cahier. Cahier tutakuandikia ingine.

Sisi wa darasa la sita tutaondoka kisha mtihani wa Serikali. Hatutalala tena katika nyumba ile. Ni wadogo zetu watakaochukua vitanda vyetu, na juu yao tumeandika. Kama mwaka kesho, usiku, mtoto wa darasa la kwanza atanyoosha mkono katika giza na kupata ufunguo pahali pake, historia hii ndefu ya Rue Neuve itakuwa imefanya kazi.

Mungu atulinde, na sisi wenyewe tuangalie milango.

Makapita wa wanafunzi, darasa la sita